Kidole cha Anyait

Anyait alikuwa ameshawapa majina wajukuu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemtoa jasho. Kazi yenyewe ni nyepesi. Pombe ya wimbi, ile ambayo Wateso huiita ajon, hutiwa maji moto katika chungu, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu, kisha bibi akachovya kidole na kukipeleka kinywani mwa mtoto huku akitaja jina la mmoja wa ukoo. Mtoto akinyonya, jina ni lake. Asiponyonya, bibi anachovya tena na kutaja jingine. Wapo watoto wanaokataa mawili matatu kwa ukaidi tu, na watu wakacheka wakisema huyu atakuwa wakili.

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, Anyait alimpakata binti wa Morris, mwanawe wa mwisho. Alichovya kidole, akasema, "Amoding."

Kabla kidole hakijafika kwa mtoto, kikanyonywa.

Kati ya kidole na midomo ya mjukuu palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi ya mtu. Mtoto mwenyewe alikuwa amefumba mdomo, macho yakiangalia bati. Lakini ncha ya kidole cha Anyait ilikuwa ndani ya kinywa kidogo chenye joto, kisicho na meno, kikivuta kwa nguvu. Kisha kikaachia, na kidole kikatoka kikavu.

"Amekataa?" Morris aliuliza.

"Amekataa," Anyait alisema. Akachovya tena. "Among."

Kikanyonywa tena, kwa pupa zaidi.

Alitaja majina saba, na yote saba yakachukuliwa hewani. Wazee chunguni hawakuona lolote, walicheka tu. Aliyecheka kuliko wote ni Mzee Elungat, aliyevuka mpaka kutoka Uganda asubuhi na gunia lake la karanga kama anavyofanya kila mwaka. "Huyu anangoja jina la Ulaya!" alisema, na mumewe Anyait, Mzee Paulinus, akampiga begani kirafiki.

"Mtoto amechoka," Anyait alisema. "Tutajaribu siku ingine." Akapangusa kidole kwenye gauni lake. Mara tu alipokipangusa, alikumbuka siku nyingine alipokipangusa hivyo hivyo, hapo hapo, mbele ya chungu. Nisimfichie siri: Anyait alijua ni nani tangu jina la kwanza. Alichofanya ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amekuzoea.

Tangu siku hiyo Akwii, mke wa Morris, akawa hana maziwa ya kumpa mwanawe. Si kwamba yalikauka. Titi lilijaa mpaka likauma, akajilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, mtoto akiwa ndani ya neti yake upande wa pili wa chumba, na ghafla akahisi ananyonywa. Akifungua macho, kifuani hapana kitu. Kule kwenye neti mtoto analia kwa njaa, na hapa chuchu inavutwa, inaachiliwa, inavutwa tena, na blauzi inalowa mate. Akiinuka kumchukua mtoto wake, titi ni tupu.

"Mama," alimnong'oneza mama mkwe siku ya tatu, wakiwa jikoni. "Kuna kitu inaninyonya."

"Ni uchovu. Uzazi wa kwanza uko hivyo."

"Mama, ikishiba inacheua. Nimeisikia ikicheua hapa begani kwangu. Sasa uchovu unacheua?"

Anyait alikoroga sufuria iliyokuwa na maji matupu. Nyumba nzima ilikuwa imeanza kunuka tope la mto na maziwa yaliyochacha, na mto uko mbali, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Akwii alipiga deki kwa dawa mara mbili kwa siku. Harufu ilikaa pale pale.

Wakampeleka mtoto zahanati. Mizani ilisema kilo tatu. Wiki iliyofuata ikasema mbili na nusu. Muuguzi hakuona ugonjwa, akawaandikia maziwa ya kopo. Siku hiyo Morris alikuwa nyumbani. Yeye hushughulikia makaratasi ya malori pale mpakani Malaba, na ni mtu asiyeamini kitu kisicho na muhuri. Alisimama mlangoni akimwangalia mkewe akiinua chupa. Chuchu ya mpira ilikuwa bado hewani, haijamgusa mtoto, na ndani ya chupa viputo vikaanza kupanda. Maziwa yalishuka taratibu, mstari baada ya mstari, mpaka chupa ikabaki na povu. Mtoto alikuwa akilia muda wote huo.

"Hii ni jini," Morris alisema. "Madereva wa Mombasa waliniambia. Zinakuja na mizigo."

Mzee Paulinus alikubali haraka sana kwamba ni jini la Mombasa. Pwani ni mbali, na lawama ikienda mbali inamwacha mtu akanywa chai yake kwa amani.

Morris akaenda Budalang'i, akarudi na mtoa majini, Mama Petronilla. Alikuwa mwanamke mnene, rozari shingoni na majani ya dawa ndani ya kikapu, na alivitumia vyote viwili bila aibu. Aliingia sebuleni saa sita mchana akisalimia kwa furaha. Hatua ya tatu akasita. Akatazama chini, karibu na miguu ya Anyait, kisha akapita pembeni kwa uangalifu, jinsi mtu anavyompita mtoto anayetambaa.

"Nani amemwacha huyu kwa simenti baridi hivi?" aliuliza.

Anyait alirudisha miguu yake chini ya kiti.

Petronilla aliomba, akanyunyiza maji, akachoma majani, na moshi ukapanda vizuri tu bila shida. Alipomaliza aliketi, akajipepea.

"Boss," alimwambia Morris, "mimi nimetoa majini huko kwetu mpaka Nambale. Jini naiamuru inatoka. Hii siwezi amuru. Hii ni mtoto, na iko na njaa." Kisha akamgeukia Paulinus. "Mzee, kwa hii boma, ni mtoto gani alikosa jina?"

"Hakuna," Paulinus alisema. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani na huongea taratibu. "Watoto wetu wote wana majina, na wote wamebatizwa."

"Basi kuna mmoja si wenu." Petronilla aliinua kikapu. Hakumtazama Paulinus tena; alimtazama Anyait. "Mama, mimi si polisi. Lakini huyu mdogo hamalizi wiki. Yule mkubwa anakula jina yake na maziwa yake kwa sababu yeye ndiye alikuja kwa hii mlango kwanza. Mumpatie yake, ataacha ya mwenzake."

Alifungiwa kuku. Akakataa kumchukua.

Jioni Anyait alimfuata mumewe nyuma ya zizi.

"Baba Morris. Tumwambie Elungat."

"Nyamaza."

"Yule jina yake ni ya baba yake kutoa. Mjukuu atakufa."

"Elungat anakunywa kwa chungu yangu tangu tukiwa vijana!" Alikuwa akinong'ona, na mate yalimruka. "Nimwambie nini? Niseme nini mbele ya watu? Wengi waliojua wamekufa. Wacha ikae, wamekufa nayo."

"Hawajafa nayo," Anyait alisema. "Iko kwa nyumba."

Basi niiseme, kwa kuwa wao hawakutaka kuisema.

Ilikuwa mwaka wa sabini na saba, siku za Amin. Elungat alikuwa karani kijana upande wa Uganda, na wenye bunduki walikuwa wanamtafuta, akakimbia akajificha kwenye mashamba ya miwa mbele ya Nambale. Walipomkosa, wakaamua kumchukua mkewe. Mwanamke huyo, jina lake Asekenye, alivuka mto na binti wa siku tatu mgongoni, akaja kwa kina Paulinus kwa sababu mumewe na Paulinus ni ukoo mmoja. Mpaka ulichorwa katikati yao na watu ambao hata hawakuwauliza. Walimficha ghalani. Wiki tatu alikaa, mtoto bila jina, akimngoja baba yake aje.

Halafu wanaume watatu wakavuka mchana kweupe, wakaketi na wazee, wakasema: tupeni huyo mwanamke, la sivyo tutarudi tukiwa wengi. Wazee wakaogopa. Mimi siwacheki kwa kuogopa. Bunduki ni bunduki. Wakakubali kwamba kesho yake asubuhi Asekenye atapelekwa kivuko cha chini.

Jioni ile ajon ilikuwa tayari, na Asekenye akatoka ghalani. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini mtu anajua. Akapiga magoti mbele ya chungu na mtoto mikononi. "Mpeni jina," alisema. "Mimi mnipeleke mnapotaka, lakini yeye mpeni jina." Kila aliyekuwa pale alielewa. Mtoto akipewa jina kwenye chungu cha boma, ni wa boma hilo, na ukoo mzima utalazimika kumpigania. Anyait, bi arusi wa miaka kumi na tisa, moyo wake mwepesi ukamtangulia, akachovya kidole. Baba mkwe akakohoa. Anyait akamtazama mumewe, na Paulinus akainamia mrija wake. Basi akakipangusa kidole kwenye gauni, na watu wakaendelea kunywa.

Asubuhi ni yeye aliyetumwa. "Mumeo ametuma habari," alimwambia Asekenye. "Anakungoja kivukoni." Wakashuka pamoja, Anyait na debe kichwani kama mtu anayekwenda kuteka maji. Kwenye matope Asekenye alimpa mtoto amshikie, ili akunje gauni. Wale watatu wakatoka kwenye mafunjo. Asekenye hakupiga kelele. Mkubwa wao, pengine alikuwa amechoka, pengine naye alikuwa na wake nyumbani, akamtazama mtoto mikononi mwa Anyait, akauliza, "Huyu ni wenu?"

Neno moja lingetosha, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu kwa kulisema. Alisema, "Si wetu," akamrudisha kwa mama yake.

Elungat alipokuja baadaye aliambiwa wamezama wakienda kumtafuta. Alilia kifuani kwa Paulinus mpaka shati likalowa. Tangu hapo kila mwaka huleta karanga, kushukuru kwa zile wiki tatu. Na Paulinus, kila sikukuu ya taifa, huitwa shuleni kuwaeleza watoto jinsi watu wa hapa walivyofungua milango kwa ndugu zao. Huongea vizuri, na walio rika lake humpigia makofi wakiangalia chini.

Siku iliyofuata mazungumzo ya zizini, Akwii alikwenda kuoga, akamwachia Anyait mtoto. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, honi za malori zikisikika kwa mbali kutoka barabara kuu, na Anyait alikuwa ameketi kitandani na mjukuu mapajani, mwepesi mno sasa, midomo ikifunguka na kufumba bila sauti, ndipo aliposikia chini ya kitanda kitu kikijikokota kwenye simenti, viganja vidogo, pa, pa, kikipumzika, kikijikokota tena, na ile harufu ya tope ikapanda mpaka akaionja kooni, na alitaka kuinuka lakini miguu haikuwa yake, na kitu kile kikashika pindo la gauni lake na kupanda, kwa shida, kikihema, uzito wake ukipita kwenye goti na kwenye paja na kusogea taratibu karibu na mjukuu mpaka mjukuu akasukumwa pembeni, na Anyait akafumba macho akingoja kung'atwa, kukabwa, lolote ambalo alijua anastahili, na kilichomjia ni vidole vitano vidogo, vya baridi, vilivyozunguka kidole chake kile kile na kukishika.

Havikuwa na hasira, na hicho ndicho kilichomvunja. Mtoto alimshika mtu aliyewahi kumbeba, akatulia.

Anyait alilia kwa sauti hadi Akwii akaja mbio na povu la sabuni masikioni.

"Mwite Morris," Anyait alisema. "Avuke sasa hivi, amlete Elungat. Na weka maji motoni. Chungu kitolewe."

Wakakaa kabla jua halijashuka: Elungat, Paulinus, Morris, Akwii, na jirani mmoja mzee aitwaye Ejoku ambaye hakualikwa ila alijua, akaja. Anyait alimkabidhi Akwii mtoto, akapiga magoti mahali pale pale.

"Huyu mama ana homa," Paulinus alisema. "Elungat, ndugu yangu, usimsikilize."

"Mwache aseme," Ejoku alisema. "Mimi pia nilikuwa hapa. Mimi pia nilikunywa."

Anyait akasema yote. Alisema debe, alisema matope, alisema lile neno alilolisema. Morris aliwatazama wazazi wake kwa zamu, mdomo wazi. Elungat hakukatiza. Alikuwa ameushika mrija wake kwa mikono miwili. Anyait alipomaliza, Elungat aliuliza kitu kimoja tu.

"Aliniulizia?"

"Aliuliza kama kweli uko kivukoni. Nikamwambia uko."

"Akafurahi?"

Anyait akainamisha kichwa. Elungat akauchomoa mrija wake chunguni, akauweka chini, akachovya kidole.

"Nilikuwa nimelichagua," alisema. "Ni la mama yangu. Asio."

Akanyoosha kidole hewani, mbele yake, pasipokuwa na mtu. Safari hii wote waliona ngozi ya ncha ya kidole ikivutika, wote wakasikia mnyonyo ule, wa pupa mwanzoni, kisha wa polepole. Elungat hakukitoa. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, na alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Asio. Asio. Taratibu, mama. Taratibu." Harufu ya tope ikaondoka ghafla, wakabaki na harufu ya wimbi na ya moshi wa jikoni. Elungat akainama, akakunja mikono kama anayebeba mtoto, akainua.

Akwii hakungoja kuambiwa. Mama wa mtoto hachovyi kidole, si desturi, lakini alichovya, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alikipeleka mdomoni mwa binti yake.

"Asekenye," alisema.

Mtoto akanyonya. Alinyonya hadi kidole cha mama yake kikawa cheupe, halafu akalia, kilio kikubwa cha afya, akageuza uso kutafuta titi.

"Jina hilo si la ukoo wetu," Paulinus alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa ni la ukoo," Akwii alimjibu. "Mtaliita kila siku, baba. Wewe na mama."

Elungat alisimama. Hakumpa mtu mkono. Alielekea langoni, viwiko vimekunjwa kifuani, akitembea pole pole. Akwii alimwachia Morris mtoto, akavua leso mabegani, akamkimbilia. Alimtandikia mikononi, akaingiza ncha moja chini na kukunja nyingine juu. Anyait aliyekuwa amesimama nyuma yao aliona leso tu. Ilikuwa imevimba na kutulia, na ndani yake hakuona kitu.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita alisimama, akasogea mbele kwenye kiti. "Mzee, panda pole pole. Na umshike mtoto vizuri, hapo mbele ni mashimo tupu."

"Nimemshika," Elungat alisema.

Pikipiki ikaondoka kuelekea mpakani. Ejoku alikuwa amevua kofia. Morris, mlangoni na binti yake begani, alikuwa akiifuata leso kwa macho na kutabasamu kidogo bila kujua, jinsi watu wanavyotabasamu wakiona uso wa mtoto mchanga. Wote walimwona. Anyait aligeuka kumtafuta mumewe, akamkuta Paulinus anakodoa macho barabarani na kuhangaika, na akaelewa kwamba wao wawili tu ndio wasioonyeshwa.

Akamshika Akwii mkono. "Mwanangu. Niambie tu. Anafanana na nani?"

Akwii aliutoa mkono wake polepole.

"Mama, wewe ndiye ulimbeba."

Anyait alijaribu. Alijaribu usiku ule na siku zilizofuata, mjukuu akinenepa na kucheka na kuitwa Asekenye nyumba nzima. Hakukumbuka kitu. Asubuhi ile kivukoni, tangu alipopewa mtoto mpaka alipomrudisha, alikuwa akiangalia maji.